Mwanangu anataka kulivua jina la Aleksanda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka kumi na wa kike ana miaka sita. Naandika kuhusu huyu mkubwa. Anaitwa Aleksanda. Usinione mama asiye na shughuli kwa kukuletea habari za jina, maana jambo hili limefika mahali pa kutunyima usingizi, na sisemi kwa mafumbo.

Jina nililichagua mwenyewe. Mimba yake ilikuwa ya taabu, nililazwa mara kwa mara, na pale kitandani nilikuwa na kijitabu cha majina ya watoto. Nikakuta: Aleksanda, jina la Kigiriki, maana yake mlinzi wa watu. Nikasema huyu akizaliwa salama ataitwa hivyo. Tangu anatambaa nimekuwa nikimwambia maana ya jina lake. Akianguka akalia, nilikuwa namwambia, "Mlinzi halii." Asubuhi namwamsha kwa, "Mlinzi wangu, kumekucha." Yeye mwenyewe alilipenda. Alipojua kuandika, kwenye jalada la kila daftari aliweka jina lake na chini yake "mlinzi wa watu", kama mtu anayeandika cheo.

Mimi na baba yao tuliachana. Hatukupigana wala kutukanana. Alihama tu, anawapigia simu, na likizo anawachukua. Lakini tangu ahame, mwanangu si yule. Usiku anakokota godoro lake mpaka kwenye korido na kulilaza kichwa kikielekea mlango wa mbele. Kabla ya kulala anafunga komeo, analifungua, analifunga tena, kisha anauegemeza mlango kwa kiti. Nikimrudisha chumbani, alfajiri namkuta palepale. Darasa lao lina safari ya kwenda kulala nje siku mbili, amekataa katakata. "Nani atabaki na nyinyi?" Shuleni amempiga mwenzake aliyemnyang'anya mdogo wake mkoba, akamtoa damu puani. Nilipoitwa, alimjibu mwalimu mbele yangu kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Wamesomeshwa habari za Aleksanda Mkuu. Akaazima kitabu maktaba, akakisoma chote, akaja kwangu kidole kikiwa bado kwenye ukurasa. "Mama, ulijua kwamba alimuua rafiki yake kwa mkuki wakiwa kwenye karamu?" Sikujua. Akauliza, mtu wa kulinda watu anaua vipi? Tangu siku hiyo amelikwangua jina kwenye madaftari yote kwa wembe wa kuchongea penseli. Anasema tumwite jina lolote, ila si hilo. Na bado analala kwenye korido.

Dada yangu anasema nilibadilishe rasmi, jina limebeba damu. Mama yangu anasema jina jema hung'ara gizani, nisiliguse. Kaka yangu haoni tatizo, eti mtoto anakuwa mwanamume. Mimi nawaza kumwambia kwamba majina hayana maana yoyote, ni sauti tu za kumwitia mtu, yaishe. Je, nilimkosea mwanangu kwa kumpa jina hili? Nilibadilishe? Nilitetee? Nishike lipi?

Mama Aleksanda (kama bado naruhusiwa kujiita hivyo)


Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Unaruhusiwa. Wala sikuoni mtu asiye na shughuli. Mtoto wa miaka kumi anayelala kwenye korido akilinda mlango ni shughuli tosha.

Ngoja nirudie uliyoniambia, unisahihishe nikikosea. Ulimpa mtoto jina ambalo lilikupa moyo wakati wa hofu, ukampa na maana yake. Maana ile yeye akaishika kama kazi. Baba yake alipohama, kazi ikawa ya usiku na mchana. Kisha akagundua kwamba Aleksanda maarufu kuliko wote alikuwa na damu mikononi. Sasa jina amelikataa, lakini kazi hajaiacha. Hapo ndipo niliposita niliposoma barua yako. Kama jina ndilo lingekuwa linamtoa kitandani, kulikwangua kungemrudisha.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole: una hakika gani kwamba chanzo ni jina? Jina alikuwa nalo miaka yote, na miaka yote hiyo alikuwa akilala chumbani kama watoto wengine. Kilichobadilika ni idadi ya watu wazima ndani ya nyumba. Wazazi wakiachana, hata kwa amani, mtoto mkubwa mara nyingi hujipa zamu bila kuambiwa. Yawezekana hofu ilikuja na kule kuhama, na mwanao, kwa kuwa ana akili, akatafuta neno la kuielezea hofu hiyo lisilomtia aibu. Neno alikuwa nalo tayari kwenye jalada la daftari. Kusema "mimi ni mlinzi" ni rahisi kuliko kusema "naogopa na wewe utaondoka".

Sikulazimishi uliamini hilo. Wewe unamjua, mimi nimesoma barua tu.

Tuje kwenye jina lenyewe, maana yeye ameuliza swali la haki na anastahili jibu lenye nyama. Kijitabu chako hakikukudanganya, ila kilisema kwa mkato. Kwa Kigiriki ni Alexandros, na limeundwa kwa kitenzi chenye maana ya kukinga au kuzuia, pamoja na neno la mwanamume. Wengi hulifasiri "anayewakinga watu". Lakini vipande hivyohivyo vinaweza kusomeka "anayewazuia watu", yaani anayewarudisha nyuma maadui. Na alama ya zamani sana ya jina hili katika maandishi ya Kigiriki, iliyo kwenye kibao cha udongo cha karne ya 13 KK kutoka Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, ni ya mwanamke: Aleksandra. (Mweleze na binti yako, ila tafadhali usimpe naye zamu ya korido.)

Katika visa vya kale vya Wagiriki, Aleksandros ni jina la pili la Paris, mwana wa mfalme wa Troya. Alitupwa mlimani angali mchanga, akalelewa na mchungaji, na alipopata nguvu akawafukuza wezi waliokuja kuiba mifugo. Ndipo akaitwa hivyo. Alianza vizuri, sivyo? Huyohuyo ndiye baadaye aliyemchukua Helena, mke wa mfalme wa Sparta, akauletea mji wa kwao vita vilivyouteketeza. Wagiriki walisimulia hayo yote bila kuona haja ya kumvua jina.

Huyo wa kitabu cha maktaba alizaliwa Pella, Makedonia, mwaka 356 KK. Hakupewa jina kwa sababu mtu alichungulia maana yake. Lilikuwa jina la ukoo, wafalme wawili wa Makedonia walikuwa nalo kabla yake, ndiyo maana wanahistoria humwita Aleksanda wa Tatu. Na ni kweli alimuua rafiki yake, usijaribu kumficha mwanao hilo. Rafiki huyo aliitwa Cleitus. Ilikuwa mwaka 328 KK, Maracanda, mji unaoitwa leo Samarkand. Walikuwa wamelewa, wakarushiana maneno makali, na mfalme akamchoma mkuki. Baadaye alijifungia siku kadhaa bila kula, akilia.

Lakini muulize mwanao kama kitabu chake kilieleza Cleitus alikuwa nani. Miaka sita kabla, kwenye mapigano ya mto Granicus, adui alikuwa ameshainua silaha nyuma ya kichwa cha Aleksanda. Cleitus ndiye aliyeuwahi mkono ule akaukata. Kwa hiyo huyo anayeitwa mlinzi wa watu alikuwa hai kwa sababu mtu mwingine alimlinda. Mwaka uliofuata mapigano hayo, Aleksanda aliugua vibaya huko Tarso. Akaletewa barua ya kumwonya kwamba tabibu wake, Philip, amehongwa amtilie sumu. Wanasimulia kwamba alimpa Philip barua ile aisome huku yeye akinywa dawa, na akapona. Nadhani vitabu vya watoto hutaja sana mapigano na kupita upesi habari za mfalme kitandani, akitegemea mikono ya mtu mwingine. Ningekuwa wewe ningekaa naye pale.

Halafu yuko Iskanda. Waarabu walipolipokea jina hili, ile "al" ya mwanzo waliichukulia kama "al" yao inayotangulia majina, likabaki Iskandar. Kwetu likaja Iskandari, na katika Biblia ya Kiswahili ya zamani ni Iskanda. Fungua Injili ya Marko, sura ya 15: Simoni Mkirene, aliyeshurutishwa kuubeba msalaba, anatambulishwa kuwa "baba yao Iskanda na Rufo". Iskanda huyo hafanyi lolote pale. Yumo kwa sababu ana baba. Ukienda waraka wa pili kwa Timotheo utamkuta Iskanda mwingine, mfua shaba, ambaye Paulo analalamika kwamba alimtendea ubaya mwingi. Kama jina lingekuwa linabeba damu, kama anavyosema dada yako, basi lingembebesha na yule mtoto wa Simoni.

Na yuko mmoja ambaye, kama ningepewa nafasi ya kumsimulia mwanao kisa kimoja tu, ningemchagua yeye. Ethiopia ilipata kuwa na mfalme aliyeitwa Eskender, jina hilihili kwa matamshi ya huko. Alirithi kiti mwaka 1478 akiwa mdogo hata kuliko mwanao. Watu wazima, mama yake akiwemo, wakaiendesha nchi kwa niaba yake mpaka akue. Mfalme kamili, jina kamili, na bado wakubwa ndio waliofanya kazi ya wakubwa.

Sasa njia ulizozitaja.

Hii ya kumwambia majina hayana maana, nina wasiwasi nayo. Mtoto aliyesoma kitabu kizima cha maktaba atafungua kingine, atakuta maana iko, na atajua mama alimdanganya ili anyamaze. Kwa mtoto ambaye tayari anakagua komeo mara mbili, mtu mmoja wa kumwamini ni mali. Unachoweza kumwambia bila kudanganya ni kwamba maana hiyo ni ya watu waliolitunga jina zamani, na wewe ulilipenda, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba mwenye jina aitimize akiwa na miaka kumi.

Kulibadilisha rasmi si dhambi. Ila fikiria atakachosikia yeye. Anaweza kusikia kwamba kweli lilikuwa jina baya na kwamba miaka yote alikuwa na kitu kibaya mwilini. Anaweza pia kusikia kwamba ameshindwa kazi na cheo kimerudishwa. Na kuna vyeti, shule, mitihani mbele. Kuna njia nyepesi zaidi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alizaliwa Edinburgh mwaka 1847 akaitwa Alexander tu, jina walilokuwa nalo pia baba yake na babu yake. Hakuridhika kuwa hana jina la katikati kama kaka na mdogo wake, akaomba, na alipotimiza miaka 11 akaruhusiwa kuongeza Graham, jina la rafiki wa familia. Nyumbani waliendelea kumwita Aleck. Hakuna aliyelifuta lile la kwanza. Warusi wenye jina hili huitwa Sasha, Waitalia wana Sandro. Mwanao anaweza kuchagua la kumwitia kwa sasa, akalivaa muhula mmoja, akaona. Hatari yake ni ndogo: huenda akalichoka baada ya wiki mbili mkabaki mnakosea kumwita.

Kuacha mambo yalivyo, kama anavyotaka mama yako, kuna heshima ndani yake, na methali yake ni ya kweli kwa mtu mzima aliyelijenga jina lake mwenyewe. Huyu bado. Kuhusu kaka yako nitasema wazi kidogo. Mvulana anayeshindwa kwenda kulala siku mbili na wenzake, na anayeona kumtoa mtu damu puani ni sehemu ya kazi, simuoni akikua. Namuona amekwama kwenye lindo ambalo hakuna aliyemwambia linaisha lini.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, na naileta uipime: jina libaki au lisibaki, lakini kazi irudi kwa watu wazima. Umeuliza kama ulimkosea. Mimi sioni kosa katika mama aliyelazwa na kushika neno moja la kumtia nguvu. Ila nimeona kwenye barua yako yale maneno mawili, "mlinzi halii" na "mlinzi wangu, kumekucha". Yalikuwa maneno ya mapenzi, na yeye bila shaka aliyasikia hivyo. Siku hizi sijui anayasikiaje. Unaweza kujaribu kwa muda kumwamsha bila cheo, kwa jina tu au kwa lolote mnalopenda, uone kinachotokea. Na siku akilia, mwache alie, ukae karibu.

Komeo lifunge wewe, yeye akiona. Lifunge mara moja, useme kwa sauti ya kawaida kwamba mlango umefungwa na zamu ni yako. Godoro usimnyang'anye kwa nguvu. Labda lianze kwa kusogea: kutoka mlangoni hadi mlangoni pa chumba chako, kisha ndani ya chumba chao. Hapa pia kuna hatari, nisikufiche. Ukimvua kazi yote kwa mkupuo anaweza kujiona amefukuzwa, hasa kama ndiyo iliyokuwa ikimpa heshima tangu baba aondoke. Kitu kidogo cha umri wake, kama kumsomea mdogo wake kabla ya kulala, huenda kikamtosha. Na huenda kisimtoshe, itabidi umtazame.

Swali moja limenikaa. Unajua baba yake alimwambia nini siku aliyohama? Wanaume wengi hapo, kwa kukosa la kusema, humshika mtoto bega na kumwambia, "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, uwaangalie mama na mdogo wako." Pengine hakusema kitu kama hicho. Muulize, bila kumshitaki. Kama alisema, yeye ndiye anayeweza kuyarudisha maneno yake kuliko mimi, wewe na vitabu vyote vya Wagiriki. Simu moja ya kumwambia mtoto kwamba kuwaangalia ni kazi ya mama na baba, hata baba akiwa anaishi kwingine, inaweza kufanya mengi. Hatari ni kwamba mkiongea mkiwa na hasira, mtoto atageuka mlinzi wa simu pia. Chagueni siku nzuri.

Safari ya darasa usiifanye mtihani wa ushujaa. Muulize mwalimu kama anaweza kwenda mchana wa kwanza na kurudi jioni, au kama anaweza kukupigia kabla ya kulala akakusikia ukifunga mlango. Akikataa vilevile, safari nyingine zitakuwepo. Suala la yule mtoto aliyempiga lina njia yake: aende amwombe radhi, ukiwa naye, bila kuhusisha jina lake hata kidogo.

Kama wiki zinapita na bado halali, au hali chakula vizuri, au ukaguzi wa komeo unaongezeka badala ya kupungua, au anaanza kuogopa kwenda shule kabisa, mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto. Mweleze habari ya baba kuhama kwanza, na habari ya jina baadaye, kwa mpangilio huo. Kwenye barua yako kwangu ulianza na jina.